Mama Ameazima Zulia, na Mtoto Yuko Njiani

Ba Allal wetu wa gazeti, salaam nyingi, nisaidie kabla sijapasuka, maana nimeshika kichwa mpaka kichwa chenyewe kimechoka kushikwa, na sina wa kumweleza kwa sababu kila ninayemweleza anacheka kwanza, halafu ndiyo anauliza mke wangu anaendeleaje.

Mimi ni muuza supu ya konokono hapa Meknes, mkokoteni wangu huuweka karibu na mlango wa soko la zeituni, na mke wangu Izza ana mimba yetu ya kwanza, mimba tuliyoisubiri mpaka watu wakaacha kutuuliza. Sasa muuguzi wa kliniki ametuambia damu yake ni kidogo, asijaribu kuzalia nyumbani, aende hospitali kubwa, apigwe picha ya tumbo, ale maini, ameze vidonge, na vyote hivyo, Ba Allal, havitoki kwenye sufuria ya konokono, hasa majira haya ya joto ambapo mtu akiona mvuke wa supu anavuka barabara. Muuguzi huyohuyo ndiye aliyetufungua macho kuhusu ile ruzuku ya serikali kwa wanandoa wa kipato kidogo wanaotarajia mtoto, akasema ombeni, nyinyi mnastahili kabisa, halafu akatazama viatu vyangu akasema tena, "Kabisa."

Tukaomba, tukaambiwa afisa atakuja nyumbani kuona hali yetu. Hapo ndipo mama alipoingia.

Tunaishi na mama yangu, Lalla Batoul kama mtaa unavyomwita kwa heshima, chumba kimoja chetu na kimoja chake, na ni mama mwema, amenilea kwa kufua nguo za watu, lakini ana ugonjwa mmoja usio na dawa, hataki mgeni aone pengo. Aliposikia habari ya afisa akashika kiuno akasema, "Mgeni wa serikali aingie kwangu akute mkeka? Baba yako amekufa hakuna jirani aliyewahi kuona sufuria yetu ikiwa tupu, leo wewe ndiye wa kuifunua?"

Nikamwambia, "Mama, anakuja kuiona hiyohiyo sufuria tupu."

Akasema, "Basi ataona kifuniko."

Ba Allal, siku ya siku nimeamka nyumba yangu siijui. Zulia la sufu limetoka kwa mke wa bwana mkubwa Si Kaddour, mjumbe wa mtaa wetu, sinia la shaba na birika la fedha vimetoka kwa muuza vitambaa, friji imetoka kwa jirani wa juu, friji iliyokufa zamani lakini mlango wake bado unang'aa, na tumeibeba ngazini mimi na mume wa jirani huku mama akituambia tushushe taratibu kana kwamba ina mayai. Na kwa Lalla Zhor, yule anayekodisha mavazi ya maharusi, mama ameazima kaftani ya kijani na mkanda wa dhahabu amvalishe Izza! Mkanda haukufika, tumbo ni la miezi saba, basi mama akaunganisha kwa nyuma na kamba ya kuanikia nguo, akaishusha kaftani vizuri, akasema tumbo lisionekane, jicho la mtu usiyemjua halina mlango.

Izza akasema, "Lalla, lakini wanakuja kwa sababu ya hili tumbo."

Mama akasema, "Wataliona likishatoka."

Afisa akaja, binti mdogo mpole mwenye miwani, na aliyemleta ni huyo Si Kaddour mwenyewe. Kaddour akavua viatu, akakanyaga zulia, akainama kulitazama, akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari. Mama akamtilia mdomoni kileja cha lozi kabla hajaufungua kusema.

Afisa akauliza, "Mama, hili zulia ni lenu?"

"La mababu, binti yangu," mama akajibu, na Kaddour akapaliwa na kileja.

"Na friji hii inafanya kazi?"

"Tunaipumzisha. Ile nyingine ndiyo ya kila siku."

Nyingine, Ba Allal! Afisa akanigeukia, "Na wewe, Si Hmidou, unafanya kazi gani?" nami nikasema nipo kwenye usafirishaji, ilinitoka tu, halafu akamgeukia Izza kwa upole, akasema, "Hapa imeandikwa una ujauzito, dada yangu, hongera. Miezi mingapi?"

Kabla Izza hajafungua mdomo mama akacheka kile kicheko cha harusini, akasema, "Mimba? Mimba gani! Huyo ameshiba tu. Kwetu watu hushiba."

Na hapohapo kamba ya kuanikia nguo ikakatika, mkanda wa dhahabu ukaporomoka ukatua juu ya sinia la shaba, ngaa! mpaka paka wa jirani akaruka dirishani, na mama bila kupepesa jicho akasema, "Acha tu mwanangu, tunayo mingine."

Jioni vya watu vikarudi kwao, ila friji imetushinda kuipandisha ngazi. Majibu yakaja kwenye simu kwamba hatukustahili, hali yetu ni nzuri na mjamzito hakuonekana. Mimi nikakaa chini. Mama akapiga vigelegele. Akatoka mlangoni akawatangazia wanawake wa uchochoro mzima kwamba serikali imekuja, imepekua, haikuona maskini nyumbani kwa Batoul.

Sasa Si Kaddour ameona haya, au ameogopa zulia lake, amekwenda kuzungumza na afisa, na afisa amekubali kurudi Alhamisi kutazama upya. Nikadhani mambo yamekwisha. Lakini mama amefurahi kuliko mwanzo, anasema safari hii hatutapatikana na kamba, ameshaongea na watu wa mtaa wa pili waje na makochi ya ukumbi mzima na saa ya ukutani yenye kindege kinachotoka kulia. Nikamwambia mama inatosha, akalia, akasema anayemvua mama yake nguo mbele ya wageni atazaa mtoto wa kumvua yeye, na maneno hayo yamenilaza macho wazi. Na Izza naye amefunga kifurushi chake. Amesema, "Kikiingia kitu kimoja cha watu ndani ya nyumba hii, mimi napanda kwetu mlimani kwa mama yangu, nitazalia huko." Huko kwao, Ba Allal, hospitali ni kuteremka mlima mzima, na damu yake ni hiyo kidogo.

Nikimwambia afisa ukweli, nimemwaibisha mama na radhi yake imeniponyoka. Nikinyamaza, nimempoteza Izza na labda mtoto. Nifanye nini?

Mimi, Mtu Asiyejulikana.

BA ALLAL ANAJIBU

Wewe Mtu Asiyejulikana, umetaja jina la mama yako, la mkeo, la mjumbe wako, la mwenye mkanda na mahali unapoweka mkokoteni, na afisa amekuita kwa jina katikati ya barua. Waliobaki wasiokujua Meknes hii ni watoto wachanga, na wako akizaliwa naye atakujua. Kuficha hujui, Hmidou. Ni ukoo.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka meno ya chini yakachomoka. Mara ya pili nikafika pale pa damu kidogo na mlima, nikayarudisha meno mahali pake, na hasira ikanipanda. Mke ana miezi saba, damu haimtoshi, na watu wazima wawili wanabishana kuhusu saa ya ndege!

Wasomaji wangu wanajua mimi shule niliikimbia mapema, nikaenda kusugua migongo hamamuni, kwenye bafu la mtaa, na ndiyo kazi iliyonizeesha. Pale nimemsugua kadhi, nimemsugua mchinjaji, nimemsugua mtoza ushuru, tena huyo kwa nguvu. Wote waliingia na majoho yao na wote waliyaacha kwenye kigingi. Hakuna hata mmoja aliyelala kwenye jiwe akaniambia, "Allal, nisugue juu ya joho." Mgonjwa wa ngozi akionyesha kipele nampaka dawa, akikificha anarudi nacho nyumbani. Sasa nyinyi mmemwita afisa aje awaone mlivyo, halafu mkajivika vya watu mpaka machoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwenu mnataka kuzaa mkiwa mmejifunika zulia la Kaddour.

Lakini usidhani nimekuja kumsema mama yako. Wewe umemwandika maneno mengi, yako umeyapitisha mbio kama mtu anayepita mbele ya mwenye deni. "Nipo kwenye usafirishaji." Usafirishaji wa nini, ewe mwana wa Batoul? Wa konokono, kutoka sufuriani kwenda bakulini? Mama yako aliazima zulia, wewe uliazima kazi. Na zulia jioni lilirudi kwa mwenyewe. Kazi yako umeirudisha wapi? Mama anaona haya ya mkeka, wewe unaona haya ya mkokoteni uliokuoza mke, halafu unaniuliza mimi nani amwambie nani ukweli.

Batoul namwelewa. Mjane aliyefua nguo za watu amejenga ukuta mmoja tu maishani, nao ni kwamba mtaa usimhurumie. Ukiubomoa kwa rungu mbele ya wageni, atalia kweli na utastahili hicho kilio. Basi usibomoe, fungua mlango. Kabla ya Alhamisi kaa naye, wewe peke yako, mbusu mkono, mwambie, "Mama, ile ruzuku si sadaka na wala si yangu. Ni ya mjukuu wako, imekuja kwa jina lake kabla hajapata jina. Wewe ukisema hayupo, itakwenda kwa mjukuu wa mwingine." Bibi anaweza kukataa mkate. Haki ya mjukuu hawezi kuikataa, nimewaona mabibi wakipigana na simba kwa kipande cha sabuni ya mjukuu.

Halafu mpe kazi, maana mama wa namna hiyo akikaa bure ataazima msikiti. Mwambie mgeni lazima akirimiwe, hapo yeye ndiye mwenye haki na wewe huna. Aoke mkate wake mwenyewe, kwa mikono yake, auweke kwenye sahani yenu ile iliyopasuka ukingoni. Chai imiminwe kwa birika lenu, hata kama mdomo umepinda. Na mkokoteni wako usiuache sokoni siku hiyo. Ulete mlangoni, uwashe moto, afisa akifika mkaribishe bakuli la supu na umwambie bila kuinamisha kichwa, "Hii ndiyo kazi yangu." Joto au si joto, atakunywa. Ni binti wa watu.

Habari ya jicho nayo tusimdharau mama, aachiwe. Avukize ubani, atupe chumvi motoni, amtundikie Izza shingoni kila anachokiamini. Lakini yeye mwenyewe, kwa mdomo uleule uliosema ameshiba, ndiye atakayesema, "Mkwe wangu ana mimba, mashallah." Aliyelifunga tumbo ndiye alifungue. Hapo hakuna aliyevuliwa nguo na mtu, na radhi yako imekaa palepale. Akigoma mbele ya afisa, basi sema wewe, kwa adabu, ukiwa umemshika mkono, na ukubali kununiwa mpaka mtoto azaliwe. Kununa kwa bibi hakuvuki kilio cha kwanza cha mjukuu, niamini, nimenuniwa na wengi.

Na usije ukageuza mchezo! Nawajua watu wa mji huu, mkisikia "onyesha umaskini" mtahamisha hata redio na sufuria mkazifiche kwa jirani, mkae sakafuni mkilia kama msibani. Kilicho chenu kibaki. Kisicho chenu kirudi leo, sio kesho, na friji ile maiti irudi kwanza kabla haijamvunja mtu mgongo.

Sasa Izza. Barua nzima amesema mara mbili, na mara zote mbili alisema kweli, na hakuna aliyemsikiliza, wewe ukiwa wa kwanza. Huyo hajafunga kifurushi kwa sababu ya makochi. Amefunga kwa sababu mtoto wake alikanwa mbele yake, na mumewe alikuwa anatazama dari. Usimwambie "vumilia." Mwambie umekosa, kisha mchukue kesho asubuhi mwende kliniki, usingoje Alhamisi wala ruzuku, muuguzi aandike cheti cha mimba akipige muhuri, na maini ununue hata ukila wewe mkate mkavu. Alhamisi asisimame kumhudumia mtu. Akae, nguo yake ya kila siku, kiunoni asifungwe kitu, tumbo liingie chumbani kabla yake.

Umewapika konokono miaka yote hiyo, Hmidou, na hujawahi kuwatazama? Kila mmoja anatembea na kijumba chake mgongoni, kidogo, kimekwaruzika, na hakuna anayemgongea mwenzake kuazima kikubwa zaidi eti kuna mgeni.

Fanya hivyo. Na siku ya saba ya mtoto nitakuja kula supu. Msinitandikie chochote. Ile pini ya kuchokolea konokono nitakuja na yangu, mfukoni.