Mwenyekiti Kakataa Usipa

Alhamisi, na ukungu umekaa juu ya vilima vya Namswea tangu alfajiri kama mgeni aliyesikia kuna kuku jikoni. Wewe daftari usiye na karatasi, nivumilie. Vidole vina baridi, herufi za simu ni ndogo, na shule niliishia darasa la nne, tena kwa kufukuzwa na mwalimu aliyechoka kucheka.

Nimechoka leo. Si kwa kazi ya kahawa, maana hiyo nimeizoea. Nimechoka kwa hofu, tena hofu ya kitu kidogo kuliko beseni la kunawia.

Mwenyekiti alikuwa anakufa.

Simsemi mwenyekiti wetu wa kitongoji, yeye ni mzima na anakula vizuri mno. Namsema mtoto wa mbwa. Alitoka ziwani, Mbamba Bay, kwa kaka yake mke wangu, Mama Kandida, tukapanda naye milima ndani ya kikapu, ananitazama njia nzima kama mimi ndiye nimeibwa. Tulipofika nyumbani alipanda kwenye kiti changu, akakikojolea, kisha akabaki ameketi palepale, shingo juu, kana kwamba kikao kinaendelea. Jina likajileta lenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji alikasirika wiki nzima, halafu akaja kumwona, akasema anafanana naye kweli kwa masikio.

Mama Kandida alisema neno moja tu siku ile: mbwa ni wa nje. Yeye ni Mnyasa wa Liuli, huko ziwani, na Mnyasa akishasema neno haligeuki hata umwimbie. Basi nikamjengea Mwenyekiti kibanda chake kule migombani, cha mabanzi, chenye paa la bati lililobaki kwenye choo.

Kula alikuwa anajua. Ugali uliolowekwa kwa mchuzi wa usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, alikuwa anaumaliza akiwa bado anakimbia kuja. Sahani ilisogea mbele, yeye nyuma yake anairamba, mpaka wanafika wote wawili chini ya chanja la kuanikia kahawa.

Jana asubuhi sahani haikusogea.

Nilimwambia Mama Kandida kwamba labda amefunga, ameanza dini. Hakucheka. Kabla hata chai haijapoa Mwenyekiti akatapika, akatapika tena, halafu tumbo likaachia, tena sehemu aliyoichagua ni mkeka ambao wanajumuiya walikuwa waje kuukalia jioni kusali rozari. Nikaufua mwenyewe. Nimefua mikeka ya watoto wangu wote, nikadhani kazi hiyo ilishaisha.

Mimi nikaona ugonjwa naujua. Nikasema huyu ana hamu ya kwao. Hata mke wangu, mwaka ule nilipomwoa nikamleta huku kwenye baridi na maharage, aligoma kula mpaka dada yake alipoleta samaki. Nikaingia jikoni, nikakaanga usipa mkavu kwa mafuta kidogo na chumvi ya kuonja, nikampelekea kwenye bakuli kama mkwe. Harufu ile ilimtoa hata jirani nyumbani kwake.

Mwenyekiti alinusa. Akageuza uso.

Mbwa wa ziwani, kazaliwa chini ya kichanja cha usipa, kakataa usipa. Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye tope.

Kilichofuata sikuwahi kukiona. Akaanza kutetemeka, mwili mzima, kama bati wakati wa upepo. Akainuka akazunguka mgomba, akazunguka, ulimi nje, macho yamemtoka kama ya mtu aliyeitwa ofisini. Akabwekea ndoo. Ukimshika kifuani, moyo unakimbia mbio usizoweza kuzifuata. Na mdomoni mate yanamwagika.

Jirani aliyetolewa nyumbani na harufu ya usipa ni Osmundi. Tulichunga mbuzi pamoja, tukapigwa fimbo pamoja, na mpaka leo hajawahi kuniachia niseme jambo la mwisho. Alisimama mbali, akatazama, akavua kofia.

"Baba Kandida, huyo haumwi tumbo. Hicho ni kichaa."

"Kichaa unacho wewe, unakuja kwa watu wakati wa kula."

"Mimi sitanii leo, ndugu yangu."

Kweli hakuwa anatania. Huko bondeni mbwa mwenye kichaa aliwahi kumng'ata mama mmoja aliyekuwa akitoka kisimani, na sisi tuliobeba jeneza lile hatujasahau lilivyokuwa jepesi. Osmundi akaondoka. Aliporudi alikuwa na mpini wa jembe, bila jembe.

"Watoto wa shule wanapita hapa," alisema. "Ukishindwa wewe, nipishe mimi. Sitaki kukuona ukilia."

Nilitafuta utani wa kumjibu. Miaka yote sijawahi kukosa. Hata msibani nina wangu wa pembeni. Nilitafuta nikakuta ghala tupu, maana alikuwa na haki. Ningekuwa mimi upande wa pili wa ua, na wajukuu wanapita na madaftari yao, ningekuja na mpini pia.

Nikamwomba jambo moja, tumsubiri mtaalamu wa mifugo aliyepo Mbinga, nilishampigia simu. Nikamwingiza Mwenyekiti kwenye banda la zamani la kuku nikafunga kwa waya. Osmundi akakaa kwenye gogo, mpini magotini. Nami nikakaa upande wa pili. Wazee wawili, katikati mtoto wa mbwa anajizungusha kwenye giza la banda, anakwaruza mbao.

Mama Kandida hakukaa. Huyu aliyesema mbwa ni wa nje alivaa mfuko wa nailoni mkononi, akachukua kijiti, akaenda kuinamia matapishi migombani. Akayachokoa kama mtu anayechambua mchele. Mara akaita bila kuinua kichwa.

"Baba Kandida, njoo uone mwenzako amekula nini."

Vilikuwa vipande vyekundu, vyembamba, vinateleza. Mtu wa Mbinga hahitaji kuuliza ni nini. Maganda ya kahawa.

Nikaitazama migomba.

Nilijua yalikotoka. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemenya kahawa kwa mashine yangu ya mkono. Maganda ukishayatoa unayabeba na kuyapeleka shimoni kule chini ya shamba, ndivyo alivyofanya baba yangu na ndivyo ninavyofanya. Lakini mgongo ulikuwa unasema nami maneno mabaya. Nikayamwaga migombani, ndoo baada ya ndoo, nikajiambia migomba nayo ipate mbolea. Kibanda cha Mwenyekiti kipo hapohapo. Na maganda mabichi ni matamu jamani, yana utelezi wa sukari, nyuki wanayagombania. Alikula kama mtoto aliyeachwa peke yake na mkate wa sherehe.

"Maganda hayaui," nilisema. "Sisi tumekua tukifyonza kahawa mbivu shambani."

"Ulifyonza ndoo nzima?" akaniuliza. "Na ulikuwa na mwili wa ukubwa gani?"

Mtaalamu alifika kwa bodaboda, binti mdogo mwenye mabuti ya mvua na begi mgongoni. Akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, hata Osmundi na mpini wake. Akavaa glovu, akamtoa Mwenyekiti bandani, akamfungua mdomo, akamwekea mkono kifuani akahesabu mapigo. Mama Kandida akamwonyesha vile vipande kwenye jani la mgomba. Binti akavitazama, akatazama migombani, akaliona lundo langu.

"Babu, wewe ukinywa kahawa nyingi, unajisikiaje?"

"Kahawa? Mimi nakunywa chai, mjukuu wangu."

"Bibi je?"

"Chai."

"Na wewe, babu?"

Osmundi akakohoa. "Mimi nilipewa mara moja, mjini, kwenye mkutano. Niliona chungu, nikaimwagia maua yao."

Yule binti akageuka polepole akaitazama kahawa yetu, kilima hiki, kilima kile, mpaka ilipomezwa na ukungu, halafu akatugeukia sisi. Nashukuru hakucheka.

Maana ndiyo hivyo. Nimezaliwa chini ya mti wa kahawa. Nimesomesha watoto kwa kahawa, nimeezeka nyumba kwa kahawa, na tangu niumbwe haijawahi kuchemshwa kwenye sufuria ya nyumba hii. Tunaikausha, inafungwa kwenye magunia, inaondoka. Ikishafika huko inawafanyia watu nini, hatukuwahi kuuliza. Mtu wa mjini angemtazama mbwa yule mara moja akajua: huyu kanywa kahawa ya watu kumi. Sisi tunaoilima tulitafuta kichaa.

Binti akaeleza kwamba kile kinachowanyima usingizi watu wanaokunywa kahawa kimo hata kwenye ganda, na mbwa hakiwezi, sembuse mbwa wa ukubwa huu. Akampiga sindano, akampa dawa nyeusi ya kunyonya sumu tumboni, akachanganya maji na dawa ya chumvi. Akatuambia asipewe maziwa, asipewe ugali, maji kidogo kidogo kwa kijiko, na akitulia ndipo apewe uji mwepesi wa mchele. Kichaa hakukiona, ila tumfunge tumwangalie hivyohivyo, asimrambe mtu, na akikua kidogo apate chanjo.

Nikamuuliza kama atapona. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza mvua.

"Babu, moyo wake ni mdogo na umekimbia sana," akasema. "Tusubiri utulie."

Nimezoea kusubiri. Kahawa ni kusubiri. Lakini kule kusubiri kwa jana sikutaki tena. Mwenyekiti alikuwa amelazwa kwenye gunia karibu na mafiga, ndani ya jiko la Mama Kandida, ndani kabisa, na mimi sikudiriki kuuliza imekuwaje. Anatetemeka, anatulia, anatetemeka. Mama Kandida ameketi kwenye kigoda kando yake na kijiko cha chai, kile kijiko chake chenye ua ambacho mimi nikikigusa napigwa mkono. Anamwekea tone, anamsubiri ameze. Anamsemesha Kinyasa, polepole, maneno ambayo mimi niliyasikia zamani, nilipougua malaria ile iliyokaribia kunichukua. Nilidhani yalikuwa yangu peke yangu.

Nilitoka nje ili nisionekane. Nikamkuta Osmundi migombani. Ule mpini ameuchomeka kwenye jembe langu, amechimba shimo kule chini ya shamba, na anabeba maganda kwa ndoo, anapumua kama ng'ombe. Mgongo wake ni mbovu kuliko wangu.

"Acha, nitayabeba mwenyewe," nilimwambia.

"Ungeyabeba mwanzo."

Nikachukua ndoo ya pili. Tuliyahamisha yote, na tulipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini, akitazama pembeni, iwapo mbwa anapumua vizuri. Nikamwambia nenda ukamwone. Akasema miguu yake ina tope, Mama Kandida atamfukuza. Akaenda akachungulia dirishani, akakaa hapo muda mrefu kuliko anavyokaa kunisalimia mimi nikiugua.

Leo asubuhi niliamka nikawa sitaki kwenda jikoni. Nikafunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga. Nikaenda kutazama kahawa kwenye chanja, ambayo haikuwa na jambo lolote la kutazamwa. Mwishowe nikasikia kitu kidogo kinagonga bati la sahani.

Alikuwa amesimama. Miguu imepanuka kama ya meza mbovu, mkia umelala, lakini amesimama, na pua imo ndani ya uji. Alilamba, akapumzika, akalamba. Mama Kandida alinyanyua macho akaniona mlangoni, akasema ule uji ulikuwa wangu, nisubiri upikwe mwingine.

Nikamwambia sina njaa. Nilikuwa na njaa.

Sasa ni mchana na yeye amelala, tumbo linapanda na kushuka taratibu, hana habari ya mtu. Na mimi nimepata wazo ambalo mke wangu hapaswi kulijua. Kesho atakwenda jumuiya. Nitachukua konzi ya kahawa yangu iliyokauka, niitwange ganda litoke, niikaange kwenye kikaango chake, niichemshe ninywe kikombe kizima. Umri huu si haki mtu aondoke duniani mbwa wake akiwa anaijua kahawa kuliko yeye.

Ninachojiuliza ni kitu kimoja. Nikianza kutetemeka na moyo kukimbia, ni nani ataketi kando yangu na kile kijiko chenye ua?

Nadhani namjua. Ila sitamwuliza, asije akasema mimi ni wa nje.