Mume Anaitikia, Fizikia Inakataa

Mpendwa mshauri Bilhah,

Naomba msaada wako nikiwa mwenye furaha, na sijui kama umewahi kupokea barua ya mtu mwenye furaha. Niliolewa mwezi wa Aprili na Kimeli, mwanamume ambaye hata akipita na gunia la mbolea kichwani mimi huacha kazi nikamtazama, na miezi mitano baadaye bado tunakula kwenye sahani moja. Ni yeye aliyeniambia nirudie mtihani wa kidato cha nne ili nisomee uuguzi, na ni yeye aliyenipeleka siku ya kwanza kwenye darasa la fizikia la Jumamosi hapa Roret, akanibebea begi hadi mlangoni, wenzangu wakacheka.

Shida ni kwamba shuleni sikuwahi kujua kusoma, nilijua kukariri tu, nikisoma mara mbili nimelala kitandani, asubuhi naandika yote, na fizikia niliikwepa, kwa hiyo hili ndilo darasa la kwanza maishani ambalo kukariri hakunisaidii. Mwalimu wetu, Mwalimu Nyanchoka, alitufundisha namna ya kusoma: maliza ukurasa, funga kitabu, mweleze mtu asiyejua, akielewa yeye basi umeelewa wewe. Nilifurahi, maana mtu asiyejua fizikia ninaye nyumbani na macho yake ni mazuri.

Kila jioni Kimeli huketi mbele yangu akinishika mkono, mimi naeleza, yeye anaitikia, "Ndiyo, malaika, umeeleza vizuri sana." Tulimaliza mada nne namna hiyo, mshauri, nikaingia kwenye jaribio bila wasiwasi. Walipouliza kwa nini lori lenye magurudumu mapana halizami kwenye matope, nikaeleza aina za matope. Nilipata kumi na tisa kwa mia. Mwalimu akaniita.

"Ulimweleza nani?"

"Mume wangu."

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama nimechoka."

Mwalimu amesema nisipofika arobaini kwenye jaribio la mwezi ujao hataniandikisha kwa mtihani wa mwakani, na bila fizikia chuo cha uuguzi hakinitaki. Nilimuuliza Kimeli kama alikuwa anaelewa kweli, akainama, akasema, "Nilikuwa naangalia vile mdomo wako unaenda." Ningekasirikaje? Nikimwondoa mezani ataumia, nikimwacha nitaanguka, ama niache darasa?

Halafu kuna jambo dogo, mama mkwe. Asubuhi tukichuma majani chai mimi hujirudia masomo polepole, naye husikia. Juzi nilikuwa nasema nguvu ikienea mahali papana makali yake hupungua, akaniuliza, "Sasa mbona mkanda mwembamba wa kikapu unakata bega na mpana haukati, na majani ni yale yale?" Nikamjibu, "Mama, hiyo haiko kwenye kitabu." Akasema, "Basi kitabu hicho kiliandikwa na mtu hajawahi kubeba kitu." Ni kwa nini, kwa nini, mpaka yeye anajaza kikapu na mimi niko nusu. Nimwambieje anyamaze bila kumkosea heshima?

Bibi Arusi, Roret

MSHAURI BILHAH ANAJIBU

Bibi Arusi, hongera kwa ndoa na pole kwa kumi na tisa. Barua yako ilikuja na kurasa sita, nne zikiwa za kumsifu Kimeli, na nimelazimika kuzipunguza. Kama ungeitazama fizikia unavyomtazama mumeo na gunia la mbolea, usingeniandikia.

Usiache darasa. Wewe si mjinga, umefika tu mahali ambapo kumbukumbu nzuri haitoshi, na wengi waliosifiwa shuleni hufika hapo wakakimbia. Kosa lako ni la kuchagua msikilizaji. Mwalimu alitaka mtu asiyejua na anayetaka kujua. Kimeli anakutaka wewe. Mtu kama huyo ataitikia hata ukimwambia jua huchomoza kutoka soko la Chepilat.

Leo jioni, akishakula, mwambie, "Mume wangu, ukiitikia usichoelewa unaniangusha." Hatakufa. Saa yako ya kusoma iwe saa yake ya kukamua ng'ombe, na wewe ukae mezani, kitanda ukiachie kazi zake. Ukimaliza, mkono wake utaukuta pale pale.

Sasa rudi kwenye lile uliloita jambo dogo. Lori halizami kwa sababu ile ile inayofanya mkanda mpana usikate bega. Mama mkwe wako alikuuliza swali lile lile lililokuangusha, akiwa na kikapu mgongoni, na wewe unaniomba nikusaidie kumnyamazisha. Mwanangu, una mwalimu wa pili kwenye mstari wa chai na unamwona kero.

Kesho mpelekee mada moja. Mweleze huku mikono inachuma. Akikukwamisha, ukifika nyumbani andika swali lake kwenye daftari dogo, Jumamosi mpe Mwalimu Nyanchoka, Jumatatu umrudishie mama jibu. Usifungue ukurasa mwingine kabla hajasema "haya". Anza na mkanda wa kikapu, na umwombe radhi kwa lile jibu la kitabu. Kikapu nusu kwa mwezi mmoja hakijaua mtu.

Ila fanya hima. Ukimweleza mambo vizuri kwa muda mrefu naye ataanza kukupenda, aanze kuitikia, na hapo hutabaki na mtu wa kukuuliza.