Eda Yangu na Hondohondo wa Mgunga

Jumatatu, 14 Aprili

Dume wa hondohondo amekuja tena kabla sijamaliza sala ya dhuha. Mdomo wake unagonga mti, ko, ko, ko. Nimepotewa na rakaa, nikaanza upya. Akagonga tena. Nimekasirika, kisha nikacheka peke yangu. Sijacheka tangu msiba.

Jike haonekani. Amejiziba ndani ya tundu la mgunga kwa udongo na mavi yake mwenyewe, akaacha upenyo mwembamba kama mdomo wa kibubu. Dume humlisha hapo. Panzi, mjusi, tunda. Mdomo mwekundu, mkubwa kuliko kichwa chake. Hapumziki.

Haya nayaona dirishani. Pengine pa kutazama sina. Bi Esha, shangazi yake marehemu mume wangu, ametoka Kipini kuja kunikalisha eda. Amenipa mipaka: chumba, ukumbi, choo. Hata uani nisikanyage. Jikoni kwangu anapika yeye. Chumvi nyingi.

Alhamisi, 17 Aprili

Joto. Mbu. Mvua inazunguka tu, inanukia, haiji.

Majirani wamekuja kunitazama. Kila mmoja akifika dirishani anasema lile lile: mwenzako huyo, naye yuko eda. Bi Esha ndiye aliyeanzisha. "Tazama mwenzio, yuaketi kitako, hasumbui mtu, hata dirisha hana." Wanawake wakacheka. Nikacheka nao kwa adabu.

Walipoondoka nimelia. Mwenzangu wapi? Mume wake yuhai. Anamletea chakula mdomoni tangu jua kuchomoza. Wangu hata sauti yake imeanza kunitoka masikioni. Nikijaribu kuikumbuka nasikia tu akikohoa.

Astaghfirullah. Nimemwonea wivu ndege.

Jumapili, 20 Aprili

Wakristo wana Pasaka. Nyimbo zao zimefika mpaka huku tangu asubuhi. Nzuri.

Bakari amekuja, mdogo wake marehemu. Alisimama barazani, mgongo kwangu, kama inavyopasa. Lakini maneno yote akamwambia Bi Esha, na mimi niko nyuma ya pazia namsikia hata anavyomeza mate. Anasema mgunga umezeeka, umeinamia jiko, mvua zikianza utaanguka. Amepata fundi wa Idsowe mwenye msumeno wa mashine. Jumamosi anakuja kuukata.

Nikasema kutoka ndani, kuna ndege humo, angoje wakuze watoto wao. Hakunijibu mimi. "Shangazi, mwambie shemeji hao ndege hawalipi kodi. Na wana mbawa, wataruka."

Jike hana mbawa sasa. Bi Esha mwenyewe alinieleza juzi, hao wakishajiziba hupukutika manyoya yote makubwa, wakakaa humo kama kuku aliyenyonyolewa. Mti ukianguka ataruka na nini? Nikamngoja Bi Esha aseme. Akauliza tu kama makaa ya mgunga yatagawanywa.

Bakari si mtu mbaya. Mchele tunaokula ni wake. Lakini huu ni ua wangu. Nimeufagia tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Kuniuliza kungemgharimu nini?

Jumatano, 23 Aprili

Watoto wameanguliwa. Nimewasikia leo, sauti nyembamba kama mlango unaotaka mafuta. Nilibandika sikio kwenye nondo za dirisha mpaka shavu likafanya alama.

Nimempigia Bakari simu. Hakushika. Punde ikalia simu ya Bi Esha. Ni yeye. Akamwambia, mti ukimwangukia shemeji, mimi ndiye nitakayeulizwa, na watu na Mungu.

Kinachoniudhi ni kwamba ana haki pia. Ningekuwa mimi ni yeye, ningeogopa vivyo hivyo.

Siwezi kula. Nasema subira, subira, na moyo haunisikii. Tangu nifiwe nimekuwa mzigo wa kupangwa. Kanga ipi nivae, nani aingie, nile nini, mti upi ukatwe. Wote wananipenda. Ndiyo maana siwezi hata kugombana nao.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilimtuma binti yangu Rehema kwa mke wa ustadh, amuulizie mumewe: mwenye eda anaweza kutoka hadi uani kwake? Jibu limekuja baada ya sala ya Ijumaa. Ua ni sehemu ya nyumba yake. Atoke mchana, ajisitiri, asijipambe. Hana dhambi.

Bi Esha amesikia. "Ustadh mtoto wa juzi. Mimi nimekaa eda mbili, yeye amekaa ngapi?"

Rehema alikimbilia chooni kucheka. Mimi niliuma mtandio.

Tangu hapo Bi Esha hasemi nami. Chakula cha usiku hakutia chumvi kabisa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeandika na kufuta mara kadhaa. Basi niandike ilivyokuwa.

Nilipomaliza chai nilivaa buibui, nikajifunika uso, nikatandika mkeka chini ya mgunga, nikaegemea shina. Nina tasbihi yangu. Juani kidogo, kivulini kidogo. Upepo usoni, hata kwa nyuma ya kitambaa. Sikujua nilikuwa nimeukosa kiasi kile.

Pikipiki ikaja. Bakari mbele, fundi nyuma amekumbatia msumeno. Wakaingia uani, wakaniona. Bakari aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akatazama barabara. Mjane wa eda, mkewe kakaye, amemkabili waziwazi! Fundi ni Mpokomo, Mkristo, jina lake Yohana. Naye akageuka. Wakasimama migongo miwili.

Yohana akasema, "Bwana Bakari, mimi niliitwa kukata mti. Sikuambiwa chini yake kuna mtu na msiba wake."

Bakari akamwita Bi Esha aje anitoe. Akaita tena. Bi Esha akatokea mlango wa jiko, mwiko mkononi. Nilijua nimekwisha. Ataniinua kwa mkono mbele yao.

Akasema, "Yuko nyumbani kwake. Ustadh amesema."

"Shangazi."

"Ataingia akichoka. Nyinyi mna kazi nyingine?"

Hawakuwa na kazi nyingine. Walisimama kidogo kwa heshima, wakaondoka. Juu yangu dume alikuja akagonga, akalisha, akaenda, kana kwamba sote hatupo.

Nilikaa mpaka adhuhuri, niwe na hakika. Siafu wamenila miguu. Bi Esha aliniletea uji pale pale mkekani. Uji mtamu.

Sasa nina aibu. Eda ni haki ya marehemu juu yangu, nami nimeitumia kama ukuta. Nimeomba msamaha kwa Mungu. Sijaomba kwa Bakari.

Jumanne, 6 Mei

Mvua ya upepo. Tawi limevunjika, limetoboa makuti ya jiko, limeangukia meko. Bi Esha alikuwa ametoka kwenda kuchukua kitunguu. Kitunguu tu.



Bakari amekuja na makuti, akaziba, akaondoa tawi. Hakulalamika. Hakusema nilikwambia. Angesema ningepata la kujibu.

Tundu liko salama, ni upande wa pili wa shina. Nimefurahi, na furaha ikaniuma. Ningemzika mama wa watu kwa ajili ya ndege? Nimemwambia Bi Esha apike ukumbini kwa jiko la makaa mpaka ndege waondoke. Amekubali, anapiga chafya kwa moshi. Mimi nampepea.

Jumapili, 18 Mei

Jike ametoka. Amelivunja tundu kwa mdomo tangu alfajiri, vipande vikidondoka. Mkia mbovu, manyoya mapya yamekaa ovyo. Aliruka mpaka kwenye ua wa miba, akatua vibaya, akatulia. Dume akaja karibu. Wakatazamana hivi, kama wageni.

Ajabu, watoto wameanza kujiziba wenyewe kutoka ndani. Hakuna aliyewaambia.

Bi Esha akasema, "Haya, mwenzio amemaliza, umebaki weye." Leo haikuniuma. Nilimjibu kwamba mwenzangu ametoka na njaa, na mimi nimenenepa kwa uji wake. Akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo akanieleza eda yake ya kwanza, alipokuwa kigori tu, msichana mdogo, na mume aliyemlilia. Hakuwahi kunieleza.

Alhamisi, 12 Juni

Wa mwisho ameruka leo. Alikaa mdomoni mwa tundu asubuhi nzima, wazazi wakimwita kutoka mbali na chakula hawampi. Nilikuwa nakunja nguo. Nilipoinua macho, tundu tupu.

Uani kimya. Sikujua walikuwa na kelele hivyo.

Baada ya alasiri Bakari amekuja, akasimama barazani, mgongo kwangu. Bi Esha alikuwepo, anachambua mchele. Bakari akakohoa. Kikohozi cha kaka yake, kile kile.

"Shemeji," akasema. Ananiambia mimi. "Ndege wameondoka. Wewe wasemaje juu ya mti?"

Bi Esha alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea na mchele.

Nikamwambia nitafikiri. Akasema haya, hana haraka, mvua zimepungua. Akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Nimekaa dirishani nafikiri.