Sinema Iliyopigiwa Mwano

Kalangalala, Geita
14 Agosti 1953

Mpendwa mpwa wangu Cornel,

Shikamoo yako nimeisikia hata kabla hujaiandika. Marahaba, baba. Hujambo huko Dar es Salaam? Mizigo ya bandarini haijakuvunja mgongo? Sisi wazima, mtama umejaa ghalani, na mimi nguvu zangu ni zile zile za kumwinua ndama kwa mkono mmoja.

Sasa sikia. Juzi gari la sinema lilikuja kwenye uwanja wa mgodi, wakatundika shuka jeupe. Nilikaa mbele kabisa, maana bila mimi watu hawa wangeelewa nini? Kulikuwa na kijana anatoka kazini, amembebea mama yake mkate. Askari wakamdhania mwizi. Akakimbia, wakampiga risasi, akaanguka na mkate wake.

Mama yako Nyamizi akapiga mwano, lile yowe la kuitana kwenye hatari. Kumbe yule kijana ana mwendo wako, bega moja limeshuka kama lako. Nawe unajua, mwano ukilia kwetu hakuna anayeuliza sababu. Hata waliokuwa majumbani walifika na marungu. Niliwatangulia wote kama simba, shuka nikalipasua, nikatokea upande wa pili. Askari hawakuwapo. Nadhani waliniona mapema.

Mwenye mashine akainua mikono juu. "Mzee, huyo anaigiza tu. Yuko kwao anakula."

"Basi tuonyeshe akiwa mzima," nikamwambia.

Akairudisha sinema mwanzo, juu ya shuka lenye tundu langu. Kijana akatokea, anatembea na mkate wake. Dada yangu akamshika mkono mwenye mashine: "Zima hapo hapo, baba. Wale askari wasije." Akazima. Tulishangilia mpaka vumbi likapanda, tukarudi nyumbani tunacheka njia nzima.

Lakini tangu Pasaka hujaandika, na mama yako kila jioni anatazama njia. Wewe hatuna mashine ya kukurudisha, Cornel. Panda treni mpaka Shinyanga, nitakupokea mwenyewe. Madereva wote wa mabasi wananiogopa. Mkate usilete. Mama yako anautaka ule mwendo wako tu.

Mke wangu Paskalia anakusalimu, na binti yetu Limi pia, siku hizi ananifikia begani, na mimi si mfupi. Mungu akuepushe na mabaya ya mji na ya njiani.

Mama yako hajatuma salamu. Anasema atakusalimu ukifika.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda kuliko wajomba wote,
Gregory Bujiku