Laini ya Siakago

Jumatatu, 22 Septemba

Chai. Dawa. Tarakilishi juu ya meza ya pasi, mguu wenye plasta chini yake. Laini ya intaneti ya Siakago iko hewani.

Tangu nianguke kwenye ngazi kazini kule Kanja sitoki hapa nyumbani, mtaa wa Dallas, Embu. Daktari amekataza safari. Mafundi wenzangu wanapanda milingoti, mimi naangalia laini kwa mbali.

Saa nane mchana laini ikakatika. Tena! Mwalimu Gakii alikuwa katikati ya somo la umeme. Yeye yuko Meru, wasichana wake wa kidato cha nne wako Siakago, wanamwona kwenye skrini. Shule yao haina mwalimu wa fizikia. Bila laini hii hawana mtu, na mtihani unakaribia. Mkuu wa shule amenipigia: mambo yakiendelea hivi atafuta masomo haya, wasichana wajisomee. Nimekasirika. Zaidi kwa sababu hajakosea.

Jumanne, 23 Septemba

Ni joto. Ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti, imefungiwa ndani ya kabati la bati. Jua la Mbeere likikolea, inaganda. Zamani ningeendesha gari hadi kule, nichomoe waya, nirudishe. Leo nimempigia Mama Igoki, karani wa shule. Akapanda kiti.

"Madam, nimechomoa. Sasa ningoje?"

Angoje kidogo, nikamwambia, halafu arudishe. Ikaamka. Kisha akaitoa kabatini, akaiweka kwenye rafu penye upepo. Mama jasiri. Lakini siwezi kumpandisha kiti kila siku.

Alhamisi, 25 Septemba

Jana mume wangu alinunua swichi mjini Embu, akaituma Siakago kama parseli. Swichi hii hujaribu intaneti yenyewe. Ikiona kimya, inaikatia ruta stima, halafu inairudisha. Mama Igoki ameifunga leo, mimi nikimwelekeza kwa simu.

Nikaigandisha ruta makusudi. Nikangoja. Imerudi yenyewe! Nimepiga meza ngumi, chai ikamwagika. Sijali.

Ijumaa, 26 Septemba

Vibaya.

Nilitaka kuweka laini ya akiba: ile kadi ya simu iliyo ndani ya ruta ishike kazi laini kuu ikifa. Nikaandika mstari mmoja kimakosa. Nikajifungia nje. Ruta inawaka, lakini haina intaneti na hainisikii. Swichi inaizima na kuiwasha, nayo inaamka na kosa lile lile. Somo zima limepotea.

Bosi wangu, Bwana Nyaga, amesema fundi mwenzangu Mutua ataenda Jumatatu, na kuanzia hapo Siakago itakuwa ya Mutua. Aliongea kwa upole. Afadhali angenifokea. Nimelia.

Jumamosi, 27 Septemba



Nilikuwa nachambua kunde. Nikakumbuka: kadi ile inapokea ujumbe mfupi, na ruta inatii amri za ujumbe. Tena jana, kabla sijagusa chochote, nilihifadhi mipangilio yote. Kunde zikaanguka sakafuni. Nikaandika nenosiri, nikaandika amri: rudi ulivyokuwa. Nikatuma. Nikafunika simu, sikutaka kuiona.

Ikalia. Siakago hewani!

Nimepiga nduru hadi jirani akaja mbio, akidhani nimeanguka tena. Nimemkumbatia. Kisha nikampigia Bwana Nyaga, nikamwambia Mutua apumzike. Akacheka.

"Haya, Kawira. Ibaki yako."

Jumatatu, 29 Septemba

Laini ya akiba, mara ya pili. Leo nimetumia hali ya tahadhari: nikipotea hewani, ruta inafuta nilichoandika. Polepole, mstari kwa mstari. Imekubali. Ningefanya hivi Ijumaa. Basi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mnara unaotuletea intaneti ulikosa stima katikati ya somo. Nikashika kichwa. Kabla sijafungua ukurasa wa kuangalia, laini ya akiba ilikuwa imeshika. Baada ya somo nikampigia Gakii kumpa pole.

"Pole ya nini? Kwani ilikatika?"

Hakujua! Wala yeye wala wasichana.

Mkuu wa shule anataka kemia pia ianze. Bwana Nyaga amenipa shule zetu zote za Mbeere niziangalie kutoka hapa, hata mguu ukipona. Nimeshinda. Naandika tena niione: nimeshinda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesikiliza somo lote, maikrofoni yangu imezimwa. Sikugusa kitu. Wasichana walijibu vizuri.

Mwishoni mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo sauti ni ya nini?"

Gakii akageuza kamera dirishani. Mvua ya Meru, juu ya migomba na majani chai. Siakago bado ni vumbi. Darasa zima likaitazama ikinyesha.

Gakii hakukata laini. Mimi pia niliendelea kutazama.