Kokuhirwa Kawatapikia Wakwe

Noela, acha unachofanya. Kokuhirwa wetu kawatapikia wakwe. Leo, hapa Ndama, kwenye utambulisho wake mwenyewe.

Alikuwa anapitisha kahawa za kutafuna. Kapiga magoti mbele ya shangazi yake Elick, yule mchumba wake, kashika kikapu kwa mikono miwili, na huko jikoni nyama ya mbuzi inanukia. Akacheua, akatabasamu. Akacheua tena. Halafu yote yakaishia kwenye kikapu. Kwenye KIKAPU, Noela, juu ya kahawa za wageni.

Ni ile sindano ya kupunguza mwili. Kachoma ya kwanza juzi tu, na tangu hapo hata harufu ya chai inamchefua.

Shangazi mtu akajifuta matone yaliyomrukia gotini, akauliza taratibu, "Hii mimba ya nani? Mtoto wetu alikuwa Mwanza tangu Januari, karudi jana tu."

Kokuhirwa bado yuko magotini, anamtazama Elick. Maana sindano kazileta nani? Elick huyohuyo. Alizituma kwa basi, akamwambia apungue kabla ndugu zake hawajamwona.

"Waambie, Elick."

Elick akainamisha kichwa. "Shangazi, mimi sikuwepo."

Mimi sikuwepo. Hivyo tu. Wakapakia kreti zao za soda, wakaondoka.

Sasa hivi ujumbe wa Elick umeingia kwenye simu ya Kokuhirwa. Tukadhani anaomba msamaha.

Kaandika: "Sindano zilizobaki usizitupe. Kuna msichana Mwanza anazihitaji."