Jina la Osia Kwenye Chemko

Nairobi,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Tabitha,

Pokea salamu za kaka yako kutoka huku kwenye baridi ya Nairobi, baridi ambayo wenyeji wanailalamikia na mimi mtu wa Mbozi naicheka. Kabla ya yote nipe habari za Mama. Goti limepoa? Bado anakwenda mwenyewe shambani Ihanda na kumfokea kila anayechuma kahawa ambayo haijaiva? Na wewe, kile kifua kilichokuwa kinakubana asubuhi kimekuachia? Niambie ukweli, si yale majibu yako ya “tupo tu, kaka.” Mimi ni mzima. Meno mawili ya mbele yameniaga, lakini koo bado lipo, na koo ndilo jembe langu.

Nina habari, na nina ombi. Habari yenyewe ni kwamba baada ya miaka yote hii ya kuwaimbia watalii wanaokula kuku bila hata kuinua macho, narekodi albamu. Si nyimbo mpya. Ni zile za zamani za bendi za jazi, zile tulizozichezea ujanani mpaka viatu vikaachama. Ziko kumi, na mojawapo ni ule wimbo tuliotunga Tunduma mimi na marehemu mume wako. Ombi langu linahusu jina la marehemu. Mpaka unijibu, wimbo huo hautoki.

Studio iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mwenyewe ni bwana wa makamo anaitwa Kamau, mtu mpole, ila ana mtindo wa kurekodi watu vipande vipande. Leo besi, kesho ngoma, halafu mwimbaji anakuja mwisho kuimba peke yake chumbani kama mgonjwa aliyetengwa. Nikamwambia mimi siwezi. Sisi tuliimba tukitazamana. Nikishusha bega, mpiga ngoma ameshajua ninakokwenda. Akacheka, akasema, “Sawa mzee, tutafanya vile mlikuwa mnafanya zamani.” Akatuweka wote chumba kimoja, pamoja na mpiga gitaa la solo anayeitwa Odhiambo, fundi hasa, mtu wa Kisumu.

Sauti yangu imeshuka, sikufichi. Nyimbo zote imebidi tuziteremshe. Wale wasichana wa Mlowo waliokuwa wakinipigia vigelegele wakinisikia leo watadhani anaimba baba yangu.

Lakini Tabitha, tulipoanza ule wimbo wetu, nilirudi Tunduma mzimamzima. Niliona ule ukumbi wenye bati lililokuwa likituchoma wakati wa bugi, lile dansi la Jumapili mchana. Nilimwona mwenye ukumbi, Mzee Salumu wa kutoka Tanga, aliyekuwa akituzima kila ikifika alasiri ili aende akasali, kisha anarudi na kanzu yake anatuambia, “Haya, endeleeni na dhambi zenu.” Niliwaona Wazambia wakivuka mpaka na suti zao, na madereva wa malori wakicheza na vumbi lao. Nimeimba kwenye mahoteli makubwa tangu hapo, lakini sijapata tena furaha ya namna ile, na nadhani sitaipata.

Unakumbuka wimbo ulivyokuwa ukikolea, watu wanaacha viti, tunaingia kwenye chemko. Hapo ndipo nilipokuwa nawaita wenzangu mmoja mmoja kwa jina, na kila anayeitwa anaonyesha alichonacho. Osia, mume wako, nilimweka wa mwisho. Wazambia walimpa heshima yao, wakamwita Ba Osia, nami nikaliiga. Nikishamwita, yeye haingii. Anatusubirisha. Ukumbi mzima unapiga kelele, “Ba Osia, iseni!”, njoo basi, naye ametulia na gitaa lake, anakutafuta wewe kwa macho pale mlangoni ulipokuwa ukikata tiketi. Akishakuona, ndipo anapiga. Wengine walidhani ni maringo. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa kaka yako na nilikuwa nimenuna.

Sijasahau ulichoniambia baada ya msiba. Redio ya jirani ilipiga wimbo ule ule, ile rekodi yetu ya zamani, na nilipoita “Ba Osia” Daudi wako akatoka mbio mpaka mlangoni, mtoto mdogo, akidhani baba yake amekuja na anaitwa na watu. Uliniambia, “Kaka, jina lake lisiitwe tena kwenye muziki. Mtoto amelia mpaka akatapika.” Nilikuahidi. Na siku naingia studio niliwaambia kabisa wenzangu, chemko hili halina majina.

Basi tukapiga. Beti zikaenda vizuri, chemko likaingia, na mimi nikafumba macho. Tabitha, mdomo una mazoea yake. Nilimwita mpiga ngoma wetu, nikamwita wa besi, halafu nikasikia sauti yangu inaita, “Ba Osia!”

Nikanyamaza kumsubiri aingie.

Odhiambo hakujua kama ni zamu yake, maana si yeye aliyeitwa. Akasimama na gitaa lake, ananitazama. Ngoma na besi zikaendelea peke yake, na mimi bado nimefumba macho, nasubiri. Sijui ni muda gani. Nilipoyafungua, machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na yule mtu wa Kisumu, bila kuambiwa na mtu, akaanza kupiga taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi.

Kamau aliniuliza, “Mzee, hiyo jina tutoe ama tuiwache?” Nikamwambia si langu kuamua, lina mwenyewe. Tukapiga upya bila majina. Umetoka safi, hauna kosa hata moja, na kusema kweli sina hamu ya kuusikia tena.

Dereva mmoja wa malori, mtu wa Tunduma, atakuletea kaseti pamoja na barua hii. Upande wa kwanza una jina, upande wa pili hauna. Usiwe na haraka, Kamau amekubali kungoja.

Nisalimie Mama sana, mwambie sweta alilonifumia bado linanifaa ila tumbo limekua. Msalimie mjomba mwenye mashine ya kukoboa hapo Mlowo, na shangazi wa Ibaba akiteremka, mwambie viazi vyake navikumbuka kuliko ninavyowakumbuka binamu zangu. Mzee Salumu, kama bado yuko hai, mpelekee salamu za mtenda dhambi wake. Na Daudi, ambaye nasikia sasa ana ndevu na anavaa viatu vya baba yake, mkumbatie kwa niaba yangu. Ukiona vema, naye asikilize, kwa kuwa yeye ndiye aliyekimbia. Ukiona sivyo, basi.

Wewe sikiliza kwanza ukiwa peke yako. Ukisema jina liondolewe, litaondolewa, na sitaligusia tena maishani mwangu, wala hutaona nimenuna. Lakini likiitwa, na pale kwenye ukimya ukajikuta umeinua uso ili akuone, basi mdogo wangu, niandikie neno moja tu, “Liache.”

Ni mimi kaka yako anayekupenda,
Lameki